Dizaina au winga? Hesabu za kuanzisha ofisi ndogo ya usanifu

Kibao cha "Tunadizaini na kuprint" ni cha kawaida Kariakoo. Biashara hizo mbili zimeunganishwa kwa "na" moja, lakini kila moja ina hesabu zake. Ya kwanza, yaani usanifu wa nembo, lebo na vipeperushi, inauza saa za mtu. Ya pili inauza karatasi, wino, flex (turubai la plastiki la mabango) na muda wa mashine. Wengi wanaofungua ofisi ya usanifu Dar es Salaam hawana mashine. Wanapokea kazi ya uchapaji, wanaipeleka kwa mwenye mashine na kuweka cha juu. Kwa lugha ya Kariakoo, huyo ni winga.

Uwinga si dhambi, watu wamejenga nyumba kwa kazi hiyo. Shida ni winga anayejiona dizaina. Huyo hugeuza usanifu kuwa zawadi ya kumvutia mteja wa uchapaji: logo bure ukichapa kadi 500, kipeperushi bure ukichukua mabango matatu. Siku mteja akiijua njia ya kwenda kwa mwenye mashine, na ataijua tu, ofisi inabaki na zawadi zake mkononi. Kwa hiyo kabla ya jina, kabla ya ukurasa wa Instagram, amua unauza nini. Makala hii ni ya anayetaka kuuza usanifu.

Saa moja ya ofisi yako ni shilingi ngapi?

Anza na kile ofisi inachokula kwa mwezi. Tuchukue mfano wa watu wawili kwenye chumba kimoja, Sinza au Kinondoni. Namba utazibadilisha kwa hali yako, njia ya kuhesabu ndiyo ya kushika.

Kodi ya chumba tuseme Sh 300,000. Wenye nyumba wengi wa Dar huitaka ya miezi sita kwa mkupuo, kwa hiyo siku ya kwanza unatoa Sh 1,800,000 kabla hujapata hata mteja mmoja. LUKU 60,000. Intaneti 110,000. Programu za kulipia 150,000. Bodaboda na daladala za kwenda kwa wateja na kwa wachapaji 100,000. Vocha 50,000. Mtu wa kukuwekea hesabu sawa 100,000. Akiba ya leseni na ada ndogondogo 50,000. Halafu kuna gharama ambayo karibu kila anayeanza huisahau, nayo ni kuzeeka kwa vifaa. Kompyuta mbili za Sh 2,400,000 kila moja zikidumu miaka mitatu, zinakula kama 135,000 kila mwezi hata kama hakuna anayekudai. Usipoiweka pembeni, siku kioo kikifa utakopa. Jumla mpaka hapo ni Sh 1,055,000.

Sasa watu. Mishahara miwili ya 900,000, wa kwako ukiwemo, ni 1,800,000. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri akikata nusu kwa mfanyakazi, nusu nyingine ni yake: 180,000. Mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, nusu asilimia: 9,000. Ofisi inakula Sh 3,044,000 kwa mwezi. Ongeza asilimia 20 kwa ajili ya faida na miezi mibaya, unafika kama Sh 3,650,000.

Upande wa pili ni saa. Siku 22 za kazi, saa 8 kwa siku, ni saa 176 kwa kila mtu. Wengi hugawanya kwa saa zote 352 na kujidanganya hapohapo. Anayeendesha ofisi hushinda akipokea simu, kuandika proforma (ankara ya awali ya bei), kwenda TRA na kusubiri kwenye mapokezi ya mteja. Akifanikiwa kuuza asilimia 40 ya muda wake, amejitahidi. Mwenzake anayekaa kwenye kompyuta anaweza kuuza asilimia 65. Hizo ni saa 70 na saa 114, jumla 184. Gawanya 3,650,000 kwa 184 na unapata karibu Sh 20,000 kwa saa.

Namba hiyo haionyeshwi mteja. Ni kipimo cha ndani. Mteja anapewa bei ya kazi nzima, kwa sababu ukimwambia bei ya saa atahesabu dakika zako, na ukiwa na mkono mwepesi utaadhibiwa kwa wepesi wako. Lakini wewe mwenyewe kila bei unayotamka ipitishe hapo. Logo ya Sh 50,000 ni saa mbili na nusu za ofisi hii. Hebu weka saa za nembo inayofanywa kwa utaratibu: mahojiano 2, kuangalia washindani na mahali nembo itakapokaa 3, michoro ya penseli 6, kuchora kwenye kompyuta 6, kuwasilisha 2, marekebisho 4, kuandaa faili za mwisho 3. Ni saa 26, yaani Sh 520,000. Kwa 50,000 unamlipa mteja ili akuruhusu umfanyie kazi.

Je, wateja wa 520,000 wapo? Wapo, ila si walewale wanaotafuta logo ya 50,000, na hawapatikani kwa kushusha bei polepole. Mwenye genge la chipsi hahitaji saa 26 na hupaswi kumuuzia. Kama kazi yake unaitaka, punguza kazi badala ya bei: jina lililoandikwa kwa herufi nzuri, rangi mbili, faili tatu, saa tano, 100,000. Bei ikishuka lazima kuna kitu kimeondoka, na mteja akione kikiondoka. Hata kwa ndugu fanya hivyohivyo. Kazi ya mjomba andikia ankara ya bei kamili, kisha mstari wa punguzo chini yake. Mjomba akikupeleka kwa rafiki yake, rafiki ataanzia kwenye bei kamili.

Makaratasi, kwa kifupi

Jina la biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao, kupitia mfumo wao wa ORS, na utahitaji namba ya NIDA. TIN hutolewa na TRA bila malipo. Leseni ya biashara ya ofisi kama hii hutolewa na halmashauri. Zanzibar ni mlango mwingine kabisa: BPRA kwa usajili, ZRA kwa kodi.

Jina la biashara na kampuni si kitu kimoja. Kwa jina la biashara, deni la ofisi ni deni lako wewe na kitanda chako. Kampuni inasimama peke yake kisheria, lakini inadai ritani (taarifa) za kila mwaka BRELA na hesabu zilizokaguliwa, na hizo zina gharama hata mwaka ambao hujauza kitu. Mtu mmoja anayeanza anaweza kuanza na jina. Watu wawili wanaochangia mtaji waandikiane kabla ya kununua hata meza: nani ana asilimia ngapi, nani anasaini benki (bora wote wawili), na anayeondoka anaondoka na nini. Ofisi za marafiki huvunjikia kwenye swali hilo la mwisho, hasa pale mmoja anapoondoka na wateja na mwingine akabaki na pango.

Kosa linalowapata hata wateja wako, kwa hiyo lijue vizuri: kusajili jina la biashara hakulindi nembo. Alama ya biashara husajiliwa kivyake BRELA, chini ya sheria ya mwaka 1986, kwa miaka 7 ya kwanza na kuhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Usajili huo ni wa Bara tu. Hoteli yenye tawi Arusha na jingine Nungwi inasajili mara mbili. Ukimweleza mteja hilo wakati wa mahojiano ya kwanza, umeshajitofautisha na winga.

Kodi ina mambo mawili yanayowashtua wanaoanza. La kwanza ni kodi ya zuio. Taasisi au kampuni ikikulipa huduma, hukata asilimia 5 na kuipeleka TRA kwa jina lako. Ankara ya milioni moja huingia benki 950,000. Pesa hiyo haijapotea, hupunguza kodi yako ya mwaka, ila dai cheti cha zuio siku ileile unayolipwa. Kukitafuta mwakani, mhasibu wa mteja ameshahama, ni adhabu. La pili ni kodi ya awamu. Makadirio ya mwaka hupelekwa kabla ya mwisho wa Machi na kulipwa kwa awamu nne: Machi, Juni, Septemba, Desemba. Fungua akaunti ya pembeni na kila malipo yakiingia, hamishia sehemu ya kodi hukohuko kabla hujaizoea. Usajili wa VAT kwa Bara huanzia mauzo ya Sh milioni 200 kwa miezi 12, lakini sheria ina masharti yake kwa watoa huduma za kitaalamu, kwa hiyo uliza ofisi yako ya TRA ikueleze unawekwa kundi gani, na uombe jibu kwa maandishi. Kwa walioko Kenya sura ni tofauti kidogo: VAT ya asilimia 16 kuanzia mauzo ya KSh milioni 5, ankara za eTIMS (mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi), na zuio la asilimia 5 kwa huduma za kitaalamu zinazofikia KSh 24,000 kwa mwezi.

Na mteja wa ndani mtajie bei kwa shilingi. Tangu kanuni za Machi 2025, kupanga au kudai bei kwa dola kwa biashara ya ndani ya Tanzania ni kosa.

Marekebisho ndiyo tundu la mfuko

Hesabu ya saa 26 hapo juu ilitenga saa nne za marekebisho. Ofisi nyingi hutumia kumi na tano, na hazijui, kwa sababu hakuna aliyeandika popote. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na saa ni mali. Kila mtu ofisini aandike: kazi gani, saa ngapi. Karatasi inatosha. Baada ya miezi mitatu utagundua mteja anayelipa vizuri kuliko wote ndiye anayekutia hasara kuliko wote.

Marekebisho hayaishi kwa sababu kuu mbili, na zote hutokea kabla hujafungua kompyuta.

Moja, kazi haikuelezwa. Mteja alisema "nataka kitu cha kisasa" na dizaina akaitikia. Neno hilo halina maana. Kaa naye saa moja na umuulize vitu vinavyoshikika. Nembo itakaa wapi kwanza: mlangoni, kwenye fulana, kwenye mfuko wa unga, kwenye wasifu wa WhatsApp ambao ni kiduara kidogo? Nani ananunua, na ananunua kwa macho au kwa kuagizwa? Nani jirani ambaye hutaki kufananishwa naye? Kuna rangi ambayo haifai, pengine kwa sababu ni ya chama au ya timu? Kwa nchi yenye Simba na Yanga, na yenye vyama vyenye rangi zao, swali hilo linaokoa wiki nzima. Nembo ya kijani na njano itaelezwa maisha yake yote.

Pili, anayetoa maoni si mwenye kauli ya mwisho. Ofisa masoko amekubali, meneja amekubali, halafu mkurugenzi anaiona siku ya mwisho na kusema haipendi. Umeanza upya, bure. Andika kwenye mkataba jina la cheo chenye kauli ya mwisho, na sharti kwamba mwenye cheo hicho awepo kwenye uwasilishaji wa kwanza. Akikataa kuja, bei iwe nyingine.

Mkataba wa kurasa mbili unatosha, lakini uwe na vitu vinavyopimika. Idadi ya mapendekezo: mawili. Ukionyesha matano mteja ataomba kichwa cha la kwanza na miguu ya la nne. Idadi ya mizunguko ya marekebisho: miwili, na mzunguko ni orodha moja ya maoni yote kutoka kwa mtu mmoja, si sauti sita za WhatsApp zinazoingia usiku kutoka kwa watu wanne. Mzunguko wa tatu una bei, na bei hiyo iandikwe palepale. Muda wa mteja kujibu: siku tano za kazi. Akinyamaza siku 30, kazi imefungwa na kilichofanyika kinalipwa. Haki za kutumia kazi zinahamia kwa mteja malipo ya mwisho yakishaingia. Faili za kazi zenye tabaka zote zina bei yake peke yake, kama anazitaka.

Malipo yagawe: arbuni asilimia 50 kabla ya kuanza, 30 akishachagua pendekezo, 20 kabla ya kukabidhiwa faili. Neno arbuni mafundi wa pwani wanalitumia tangu zamani na mteja wa rika lolote analielewa. Ni dhamana ya kufunga makubaliano, hairudi akighairi, na hilo liandikwe. Kabla ya malipo ya mwisho tuma picha za uzito mdogo zenye alama ya ofisi katikati. Kutuma PDF safi kwa ajili ya "kuangalia tu" ni kukabidhi kazi, kwa sababu PDF safi inafunguka kwenye Illustrator na CorelDRAW na kuchapwa kesho yake.

Ukienda kwa mwenye mashine

Hata ofisi inayouza usanifu tupu haiwezi kuukimbia uchapaji. Wateja watauliza. Njia salama kuliko zote ni mteja kumlipa mchapaji moja kwa moja, na wewe kulipwa ada ya kusimamia, tuseme saa sita za ofisi. Sababu si heshima. Kazi ya uchapaji ya milioni kumi ikipitia kwako kwa cha juu cha milioni moja, umeandika mauzo ya milioni kumi, umetoa risiti ya milioni kumi, umesogea hatua kumi kuelekea VAT, na ikiharibika unadaiwa milioni kumi. Kama ni lazima ipite kwako, mteja alipe gharama yote ya uchapaji mbele, na kwenye ankara mstari wa usanifu ukae mbali na mstari wa uchapaji. Usichukue mali kauli kwa mchapaji kwa ajili ya kazi ya mteja. Hapo unakuwa benki ya watu wawili.

Hasara za uchapaji zinajirudia, kwa hiyo zinakingika. Rangi kwanza. Kioo kinatoa mwanga, karatasi inapokea wino. Kijani cha kung'aa na bluu ya umeme vilivyochaguliwa kwenye RGB, yaani rangi za mwanga wa kioo, vitafika kwenye karatasi vimepauka, na mteja atasema umebadilisha. Badili kuwa CMYK, yaani rangi nne za wino wa uchapaji, kabla ya kumwonyesha. Maandishi madogo meusi yawe ya wino mweusi peke yake. Yakijengwa kwa rangi nne, sahani zikisogea hata kidogo, kila herufi inapata kivuli chekundu. Jumla ya wino mahali pamoja, asilimia za rangi zote nne zikijumlishwa, isivuke asilimia 300, la sivyo karatasi haikauki na kadi zinagandana kwenye boksi.

Ukingo wa kukata ni milimita 3 kila upande, na maandishi yakae angalau milimita 4 ndani ya mstari wa kukata. Kijitabu cha kushonwa kwa pini lazima kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa nne. Mteja akileta maneno ya kurasa 14, mwambie mapema achague 12 au 16. Fonti zigeuze kuwa umbo (outlines) kabla ya kutuma, kwa sababu kompyuta ya mchapaji ikikosa fonti yako huweka yoyote bila kukuuliza, na mara nyingi CorelDRAW yake ni ya zamani kuliko yako. Tuma PDF, na faili yako ya asili ibaki kwako bila kuguswa.

Picha ndizo chanzo cha ugomvi mwingi. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, mara nyingi ikafika na pikseli 1600 upande mrefu. Kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi, hiyo ni sentimita 13 na nusu. Inatosha kipeperushi kidogo, haitoshi jalada la A4. Mwambie mteja aitume kama dokumenti, haitabanwa. Bango la flex la mita 3 kwa 2 halihitaji nukta 300. Kwa ukubwa wake halisi nukta 100 zinatosha kwa kuwa hutazamwa kwa mbali, na faili nzito hukwamisha mashine ya mwenzako bure. Acha nafasi ya matundu ya kamba pembezoni. Nembo za wadhamini zilizotobolewa katikati si jambo geni kwenye mabango ya mji huu.

Halafu namba ya simu. Usiisome, ipige. Kila kazi yenye namba, kabla ya kwenda kwenye mashine, mtu wa ofisi aipige kutoka kwenye faili la mwisho na asikie nani anapokea. Tovuti ifunguliwe, msimbo wa QR uskaniwe kutoka kwenye karatasi ya majaribio. Baada ya hapo mteja aandike kwa mkono wake, au kwa ujumbe, "nimekubali ichapwe". Kosa likionekana baada ya ujumbe huo ni lake. Kosa likionekana bila ujumbe huo ni lako, na vipeperushi 5,000 ni pesa.

Chagua uwanja mmoja, kwa mfano vifungashio

Ofisi inayofanya kila kitu hulinganishwa na kila mtu. Uwanja wenye nafasi kubwa Tanzania ni lebo na vifungashio vya wasindikaji wadogo: asali, unga wa lishe, viungo, karanga, sabuni, kahawa ya kusaga. Wanaongezeka, wanataka kuingia supamaketi, na wanakwama kwenye mambo ambayo dizaina wa kawaida hayajui.

Lebo ya chakula ina vitu visivyo vya hiari: jina la bidhaa, uzito halisi, viambato, jina na anwani ya msindikaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na alama ya TBS, shirika la viwango, kwa aliyepewa kibali tu. Usiiweke alama hiyo kwenye muundo "kwa kuwa ataipata". Tarehe na namba ya toleo hubadilika kila mara, kwa hiyo tenga nafasi nyeupe isiyong'aa ili muhuri ushike. Juu ya laminesheni, ule utando wa plastiki, wino wa muhuri hufutika kwa kidole.

Kisha msimbo wa mistari. Namba za Tanzania huanza na 620 na hupatikana kupitia GS1 Tanzania, shirika linalotoa namba hizo. Kuchora mistari yenyewe ni kazi yako. Ukubwa wa kawaida wa EAN-13, msimbo wa tarakimu 13 wa bidhaa za dukani, ni milimita 37.29 kwa 25.93, na unaruhusiwa kuupunguza mpaka asilimia 80, si chini ya hapo. Upana huo unajumuisha nafasi tupu ya milimita 3.6 kushoto mwa mistari na 2.3 kulia, usiijaze kitu. Rangi ndiyo mtego: skana nyingi hutumia mwanga mwekundu, kwa hiyo mistari myekundu juu ya nyeupe kwake ni nyeupe juu ya nyeupe. Lebo inaonekana nzuri, mtunza fedha wa supamaketi anapitisha mara tano, mashine haiimbi, na bidhaa inarudishwa. Nyeusi juu ya nyeupe haijawahi kumtia mtu hasara. Kwenye chupa ya duara nyembamba isimamishe kama ngazi, mistari ikipandana, ili mzingo usiifiche.

Dizaina anayeyajua haya haulizwi kwa nini bei yake imezidi ya jirani. Na msindikaji mmoja wa asali huja na chupa tatu za ukubwa tofauti, boksi la nje, na mwakani ladha mpya.

Mwaka una miezi mizuri na mibaya

Taasisi hulipa kwa LPO, yaani hati rasmi ya kuagiza huduma. Bila LPO mkononi usianze, hata kama aliyepiga simu ni mkubwa, kwa sababu mhasibu halipi sauti. Ukiwa nayo, bado malipo yanaweza kuchukua siku 30 hadi 90. Kwa ofisi yetu ya mfano, kuvuka siku 90 ni zaidi ya Sh milioni 9 ambazo lazima ziwe zimelala mahali. Kama huna, bakia na wateja wa arbuni kwanza, kisha ingiza kazi za taasisi moja moja. Zabuni za serikali zinapita kwenye mfumo wa NeST, na kuna asilimia 30 iliyotengwa kwa makundi maalumu, vijana na wanawake wakiwemo. Vikundi vilivyosajiliwa vizuri huitumia. Mteja mmoja asizidi theluthi ya mapato yako, vinginevyo yeye ndiye bosi na wewe ni mwajiriwa usiye na likizo.

Mwaka wa bajeti unaoisha 30 Juni hufanya Mei na Juni kuwa na haraka zisizo na sababu, taasisi zikimalizia fedha. Sabasaba inaanza mwisho wa Juni, Nanenane ni Agosti, zote zinataka mabanda na vipeperushi. Januari wateja wanalipa ada za watoto na ofisi inakaa kimya. Hiyo ndiyo asilimia 20 tuliyoongeza mwanzoni.

Msimu wa kalenda na shajara ndio wenye pesa nyingi na majuto mengi. Mteja atakumbuka kalenda tarehe 10 Desemba, wakati mashine zote zina foleni. Peleka mapendekezo yako Septemba, funga maoni mwisho wa Oktoba, ingia kwenye mashine Novemba. Tarehe zote zihakikiwe na watu wawili, mmoja akisoma kwa sauti na mwingine akifuata kwa kalamu. Angalia kwanza Februari ina siku ngapi na Januari mosi inaanguka siku gani, kwa kuwa faili la mwaka jana likihaririwa huacha siku zake za zamani kwenye mwezi mmoja au miwili. Sikukuu za Pasaka huhama. Idd zote mbili na Maulid weka tarehe inayotarajiwa na uandike pembeni kwa herufi zinazosomeka kwamba itategemea mwandamo wa mwezi.